Sura ya Saba: Dirisha Lisilofunguka

Anayekaanga chipsi kando ya lami pale Mikumi hujua mapema kuliko wakazi wengi wa Sinza kama Dar es Salaam imeamka salama. Basi lililoondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, saa kumi na mbili asubuhi linatazamiwa Mikumi kwenye saa tano, tuseme saa tano na nusu. Ikifika saa saba halijaonekana, kijiweni huanza makisio: foleni ya Kibaha, mizani ya Vigwaza, mvua ya Chalinze, au lile jambo ambalo hakuna anayependa kuwa wa kwanza kulitamka. Kilomita kama mia tatu ziko katikati, lakini mafuta ya kukaangia hubandikwa jikoni kwa saa ya Mbezi.

Sura zilizotangulia zimezunguka ndani ya majiji yenyewe, sokoni, kwenye daladala, kumbini. Hii inatoka nje kidogo na kwenda Mikumi na Kilosa, miji miwili ya wilaya moja mkoani Morogoro, kwa sababu pigo la jiji kubwa husikika vizuri zaidi pale linapofika limeshapungua nguvu. Miji hii inaishi kwa saa mbili. Saa ya kazi hutegwa Dar es Salaam, na imekuwa hivyo tangu reli ilipopita. Saa ya sherehe hutegwa na mvua na mavuno. Kwa muda mrefu saa hizo zilipishana bila kugombana. Siku hizi ile ya kwanza imeongezwa kasi, na imeanza kuiburuta ya pili.

Mikumi tunayoijua leo ni kazi ya barabara. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyotegemea njia za Rhodesia, ikajikuta imebanwa. Mafuta yake yakalazimika kupita Dar es Salaam kwa malori, kwenye njia ya vumbi kiangazi na tope masika, ambayo madereva wa kigeni waliibatiza Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta 1968, na lami ikafika mpakani mwa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilikuwa imeshatangazwa, mwaka 1964, kwa hiyo barabara kuu ya Afrika ya Kati ikawa inakata hifadhi katikati kwa kilomita zipatazo hamsini. Sijui nchi nyingine nyingi ambako lori la shaba ya Kongo humpisha tembo, kisha tembo akalipisha basi la Songea, na wote wakaendelea na safari zao.

Ndani ya basi, hizo kilomita hamsini huwagawa abiria makundi mawili. Wageni huhamia upande mmoja wa madirisha, simu mkononi, na mtoto akisema "twiga" basi zima hugeuka, hata kama ni kisiki. Wazoefu hulala. Matuta ndiyo huwaamsha, kwa sababu mwendo lazima ushuke mchana na ushuke zaidi usiku, na bango la barabarani linaorodhesha faini za kila mnyama atakayegongwa, kwa dola. Nimewahi kumsikia abiria mmoja akilisoma bango lile kwa sauti, kisha akauliza binadamu yuko namba ngapi. Konda alicheka hadi akakaa chini.

Likishatoka hifadhini, basi linaingia mjini, na hapo ndipo mahali pa kutazama kwa makini. "Dakika kumi! Kuchimba dawa na kula, atakayeachwa asinilaumu!" Kabla mlango haujafunguka, madirisha yameshavamiwa. Sinia la mayai ya kuchemsha liko juu ya vichwa, limeinuliwa kwa kiganja kimoja. Kiganja cha pili kina kopo la kachumbari na chupa ya pilipili iliyotobolewa kizibo. Yai humenywa kwa kidole gumba, hupasuliwa katikati, kachumbari huingizwa, chumvi hunyunyizwa, na lote linafika dirishani likiwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari la shule. Ukiangalia sana utakuta hesabu za darasa la nne, pamoja na vema na makosa yake.

"Anko, mayai! Ya moto, anko!"

"Mangapi kwa elfu?"

"Mawili, nakuwekea na kachumbari nyingi. Chukua matatu, mama yupo nyuma hapo hajala."

"Nina elfu kumi."

Hapo biashara husimama. Noti ya elfu kumi ndiyo adui mkubwa wa muuza mayai kuliko polisi na mvua. Akienda kuitafutia chenji, basi linaweza kuondoka na mayai. Abiria akiitoa kabla ya kupata chenji, pesa inaweza kupotelea kwenye umati. Mara nyingi hutatuliwa kwa mkopo wa papo kwa papo kati ya wauzaji: huyu wa karanga anamchenjia yule wa mayai, watahesabiana gari likishaondoka. Dereva anapiga honi, basi linaanza kusogea, na kijana anakimbia nalo hatua ishirini, thelathini, mkono umenyooka. Mchezo huu wote, kuanzia breki hadi vumbi, ni dakika kumi. Halafu mji unatulia, sinia linashushwa, watu wanarudi kwenye benchi kusubiri la Njombe.

Utaratibu huo ulikaa miaka mingi kwa sababu mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku kucha. Yote yaliondoka alfajiri, kwa hiyo yote yalipita Mikumi saa zilezile: ya kutoka Dar kabla ya adhuhuri, ya kutoka Mbeya, Songea na Njombe alasiri. Mji ulikuwa na vilele viwili vya biashara na bonde la usingizi katikati. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri saa 24, na mgawanyo huo ukavunjika. Sasa kuna basi la saa nane usiku, na kuna mtu lazima awe macho kumuuzia chai abiria wa saa nane usiku. Wenye malori walikuwa wakiishi hivyo tangu zamani. Wao hulaza magari Mikumi, wakaoga, wakala wali nyama, wakalipia chumba, na uchumi mzima wa nyumba za wageni umesimama juu yao. Kilichobadilika ni kwamba sasa hata mama ntilie, ambaye zamani alifunga saa nne usiku, ameingia kwenye zamu. Jiji linasifiwa kwa kutolala. Mikumi hailali kwa sababu jiji linapita.

Kuna sherehe moja ambayo Dar huituma Mikumi ikiwa kamili, pamoja na tarehe na saa yake: mechi ya Simba na Yanga. Siku hiyo vibanda umiza hujaa kuanzia saa nane mchana, kiingilio hupanda, na benchi la watu watano hubeba tisa. Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936, zote za Kariakoo, na humo kibandani wengi hawajawahi kukanyaga Kariakoo hata kupita. Hilo haliwazuii kugombana kwa majina ya mitaa yake. Dereva wa lori la Zambia aliyepaki nje huja kuulizia matokeo. Goli likiingia, mji hupiga kelele kwa pande mbili, na basi linalopita wakati huo hupata habari bila redio.

Geuza sasa uelekee kusini, njia panda ya Ifakara. Kutoka Mikumi kupita Kidodi hadi Ruaha, saa haitegwi tena na mabasi, inategwa na miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mashamba yake yamekaa pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, upande huu Kilosa, ng'ambo Kilombero. Msimu wa kusaga huanza masika yakishakwisha, karibu na Juni, na husimama mvua kubwa zinaporudi, kwa sababu trekta haliingii shambani kwenye tope. Msimu ukiwa umepamba moto, jioni moto halisi huwaka: shamba huchomwa kabla ya kukatwa, na masizi meusi, mepesi, marefu kama nyuzi, hushuka juu ya paa, juu ya maji ya kunywa, juu ya shuka zilizoanikwa. Mwanamke wa Kidodi huangalia upepo kabla ya kuangalia jua. Wakata miwa wengi hutoka mbali, mikoa ya nyanda za juu, hupanga vyumba kwa msimu na kuondoka nao. Kwa miezi hiyo mji mdogo wa Ruaha una watu wa jiji: wageni, wapangaji, vijana wasio na wazazi karibu, mshahara wa kila mwezi na muziki wa kila usiku. Masika yakiingia, nusu ya milango inafungwa kwa kufuli na ngoma zinahamia kwa wenyeji.

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa mjini kuna barabara nyingine, yenye sifa zake mvua zikinyesha. Njiani unapita Ulaya, kijiji halali chenye wakazi wake na mahindi yake, ambacho kimewawezesha watu wengi wa Kilosa kusema kweli tupu kwamba wamesoma Ulaya. Pembeni kuna tawi la Reli ya Kati la miaka ya 1960, Kilosa hadi Kidatu kupitia Mikumi. Kidatu linakutana na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, lakini reli hizo haziungani: Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Milimita sitini na saba zimetosha kulazimisha kila mzigo ushushwe upande mmoja na kupakiwa upande wa pili.

Kilosa yenyewe ilikuwa njia kabla haijawa mji. Misafara ya Unyamwezi na Ujiji ilifuata bonde la Mto Mkondoa kupanda Usagara, na Henry Morton Stanley alipita bonde hilo 1871 akimtafuta Livingstone. Carl Peters naye alikuja Usagara mwishoni mwa 1884 na karatasi zake za mikataba, na huko Msowero alipata alama ya mkono wa mtawala ambaye bila shaka hakuelewa kwamba anauza nchi. Wajerumani waliofuata wakaanza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikawa Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914, mwaka wa vita.

Reli ilileta mkonge, na mkonge ulileta namna mpya kabisa ya kuhesabu siku. Mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo, kwa hiyo mikono ikaletwa kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kibarua huyo wa mkataba, aliyeitwa manamba, alipewa kadi ya kipande yenye nafasi za siku thelathini za kazi. Akifanya kazi, nafasi moja inajazwa. Akiugua, akizidiwa na pombe, akishindwa kumaliza idadi ya matita aliyopangiwa, nafasi inabaki tupu. Mwezi wake haukuisha tarehe 30. Uliisha kadi ilipojaa, hata kama ilimchukua wiki sita, na hapo ndipo alipolipwa. Katika kambi moja, basi, watu walikuwa na miezi tofauti na siku tofauti za kuwa na pesa. Ngoma, hata hivyo, ilikuwa ya pamoja. Beni, ngoma ya kuiga gwaride iliyozaliwa pwani miaka ya 1890, ilipanda bara na askari na reli, na kila kabila lililoletwa lilikuja na yake. Wajukuu wa manamba wapo Kimamba hadi leo, Kiswahili ndiyo lugha yao ya kwanza, na ukiwauliza kwao wapi wanaanza kwa kucheka. Mkonge wenyewe uliporomoka nyuzi za plastiki zilipoushusha bei, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori au mahindi.

Treni ikabaki. Treni ya bara iliyotoka Dar jioni ilifika Kilosa usiku wa manane au alfajiri, kutegemea bahati ya siku hiyo, na kwa kuwa njia ni moja mara nyingi ilisimama kusubiri kupishana na nyingine. Huo ulikuwa usiku wa soko. Koroboi zilipangwa kwenye ukingo wa reli, baadaye zikawa tochi, baadaye mwanga wa simu. Sufuria za wali zilikuwa zimefungwa kwa khanga zisipoe. Kuku alikatwa vipande kwa hesabu ya madaraja: paja la daraja la pili, kipapatio cha daraja la tatu. Chai ilimiminwa kwenye kikombe cha bati ambacho muuzaji hakukitoa machoni hata kidogo, maana treni huondoka na vikombe. Abiria wa Kigoma aliyekuwa na njaa alitoa kichwa dirishani, akaonja, akalalamika chumvi, akalipa. Watoto wengi wa Kilosa wamesomeshwa na dirisha hilo, na sitii chumvi hapo.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Tarehe 25 Julai ikafika Dodoma, na tarehe 1 Agosti Rais Samia akaizindua rasmi. Milima ya Kilosa, ambayo reli ya Mjerumani iliizunguka kwa kufuata mto, hii imeitoboa kwa mahandaki. Kilosa ina kituo chake, nauli ya kutoka Dar iliyotangazwa mwaka huo na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 18,000, na safari iliyokuwa ya usiku kucha sasa iko chini ya saa tatu. Anayebeza hilo hajawahi kumsafirisha mgonjwa kutoka Kilosa kwenda Muhimbili.

Lakini dirisha halifunguki. Ni kioo kimoja kizima, ndani kuna kiyoyozi, nje kuna uzio, na treni husimama muda wa kushuka na kupanda tu. Mwenye sufuria ya wali hana pa kusimama wala wa kumwuzia. Treni ya zamani bado hupita siku chache za wiki, naye bado huiamkia, ila uchumi wa siku chache hausomeshi mtoto. Nilitegemea kwamba katika majengo mapya yote yale, ambayo ni mazuri kwa kweli, angepatikana mtu wa kuchora kibaraza cha mama ntilie kwenye ramani. Mipango ya reli huhesabu abiria, tani na dakika, na mama ntilie si abiria wala si tani.

Hiyo ni saa ya kazi. Saa ya sherehe Kilosa huanza kuhesabiwa mahindi yakikauka.

Wilaya hii ina mvua za vuli kuanzia Novemba na masika kuanzia Machi, na chakula huingia ndani Juni na Julai. Kuanzia hapo hadi Oktoba ndio wakati wa kuoa, kuozesha, kutahiri, kumcheza mwali. Desemba, ambayo kwa mtu wa Dar ndiyo mwezi wa kula, huku maghala yanaanza kupungua na majembe yako shambani. Ndiyo pia mwezi wa hatari. Mwishoni mwa Desemba 2009, wakati watu wa jiji wamekuja likizo, Mkondoa ulivunja tuta na kuingia Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi na wakaishi kwenye mahema, reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa, na kwa miezi kadhaa treni ya abiria ya bara ikawa inaanzia Dodoma. Wazee wa mji huhesabu umri wa watoto kwa gharika ile: huyu wa kabla, huyu wa baada.

Kiangazi kina ugomvi wake pia. Mavuno yakishatoka, ng'ombe wa Wamaasai na Waparakuyo hula mabua na kila mtu anafaidika, mnada wa mifugo unachangamka, nyama inachomwa, shuka nyekundu na kanzu nyeupe zinapanga foleni moja kwenye supu. Mazao yakiwa bado shambani, ng'ombe haohao ni maafa. Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni watu zaidi ya thelathini waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kalenda mbili zikigongana kwenye shamba moja, matokeo yake huweza kuwa makaburi, na Kilosa haijalisahau hilo.

Turudi kwenye furaha. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na kwao mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Baba hutoa pesa, hutoa jina, hutoa mbuzi. Mjomba hutoa ruhusa. Msichana akishavunja ungo huitwa mwali, huwekwa ndani na kufundwa na wanawake, kisha siku ya kutolewa hubebwa mabegani, amepakwa mafuta, amefungwa khanga mpya, na ndugu wanamtuza noti huku ngoma zimemzunguka. Zamani kukaa ndani kulikuwa kwa miezi. Shule imekufupisha, na siku hizi wali wengi hutolewa likizo ya Juni, ambayo kwa bahati njema huangukia kwenye mavuno. Wizara ya Elimu na mvua ya masika hazijawahi kukubaliana jambo lingine.

Sherehe, iwe ya mwali au ya harusi, haianzi Jumamosi. Inaanza wiki nzima nyuma. Mwenye kupika pombe lazima avundike nafaka, aanike kimea chake, akisage, apike, aiache ichachuke, na hakuna umeme wa treni unaoharakisha kimea. Kibali cha ngoma hufuatwa kwa mtendaji. Kuni huletwa. Kwa nyumba za Kiislamu, na Kilosa zipo nyingi, kazi kubwa ni mchele. Usiku wa kuamkia harusi wanawake hukaa mikekani na nyungo mapajani, wanachambua mawe na chuya mpaka vidole vinakuwa vyeupe kwa unga wake, na hapo ndipo kila kitu kinapozungumzwa: nani hakuchangia, bwana harusi alikuwa wa nani kabla, deni la marehemu limelipwaje. Vijembe hutupwa kwa nyimbo. Aliyenuniana na nduguye mwaka mzima hupewa ungo mmoja pamoja naye, makusudi. Wali wa kesho ni kisingizio tu.

Na hapo ndipo treni ya kasi inapogusa. Simu kama hii imeshapigwa katika nyumba nyingi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Mnafika lini?"

"Jumamosi asubuhi, bibi. Na treni. Jumapili jioni tunageuza."

"Jumamosi si ndiyo siku yenyewe? Mjomba mtu unaingia na wageni?"

"Mchango nimeshatuma, bibi. Umeingia?"

"Umeingia, baba. Ahsante. Mimi nakuuliza wewe unaingia lini."

Zamani mjomba wa Dar hakuwa na hiari. Safari ilikula usiku mzima, kwa hiyo hakuna aliyekuja kwa siku moja. Aliomba ruhusa kazini, akaja Jumatano, akalala kwenye mkeka, akasikiliza kesi za ukoo, akarudi Jumatatu amechoka na amebeba kuku. Ugumu wa njia ulimlazimisha kukaa. Pesa kwa simu, iliyoingia nchini na M-Pesa mwaka 2008, ilimwondolea sababu ya kwanza ya kuja: mchango sasa unatangulia. Treni imemwondolea sababu ya kukaa. Anafika saa nne asubuhi na suti yake kwenye mfuko wa dobi, anakaa meza ya mbele, MC anamtaja, anatuza, anakula, anapiga picha. Keshokutwa yuko ofisini Posta. Kesi ya ukoo iliyomngoja imeahirishwa, kwa sababu mwenye kauli hakuwepo usiku wa maneno.

Sisemi njia irudishwe kuwa mbovu. Wapo waliokuwa hawaji kabisa, miaka kumi hawajaona makaburi ya wazee wao, na sasa wanakuja mara tatu kwa mwaka, hata kumjulia hali mgonjwa. Idd inayoangukia katikati ya wiki, ambayo zamani ingewapita wakiwa Tandika, sasa huswaliwa Kilosa na jioni wanarudi. Hizo ni faida za kweli. Ninachosema ni kwamba njia mbovu ilikuwa ikitufanyia kazi moja bila malipo, ya kutukalisha pamoja, na kazi hiyo sasa haina wa kuifanya isipokuwa sisi wenyewe kwa kuamua. Majiji yameshalipitia hili. Harusi ya Dar es Salaam ina kikao cha kamati kila wiki kwa miezi miwili, na watu huilalamikia sana, lakini hivyo vikao ndivyo vilivyoziba pengo la usiku wa kuchambua mchele. Kilosa haina bado cha kuzibia.

Kwa hiyo, msomaji uliyepo Dar, ukipata kadi ya harusi au habari ya mwali Kilosa, nauli ya treni pengine ni ndogo kuliko mchango uliotozwa. Kata tiketi ya Alhamisi. Omba ruhusa mapema, chukua nguo za kuchafua, na ukifika usiulize ukumbi uko wapi. Uliza mchele unachambuliwa kwa nani.